Mume wangu anairuka dawa ya kuzuia damu kuganda, nami nimeficha visu

Mfamasia wetu, salamu nyingi.

Mume wangu ana miaka 51. Miezi mitano iliyopita mguu wake wa kushoto ulivimba, akasema ni msuli tu umevutika. Siku chache baadaye akashindwa kupanda ngazi za nyumbani, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Hospitali walimpima mguu kwa altrasaundi na kifua kwa skani, wakatuambia damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja na bonge jingine limepanda hadi mapafuni. Hakuwa ametoka upasuaji, hakuwa na safari ndefu, havuti sigara. Sababu ilitafutwa, haikuonekana. Alitoka na rivaroksabani: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku hadi leo.

Kupona amepona, namshukuru Mungu. Mguu umerudi, pumzi imerudi. Ila daktari alisema akifikisha miezi sita tutakaa tuamue kama ataendelea, na kwamba huenda akawa mtu wa kumeza dawa miaka na miaka. Tangu siku hiyo amebadilika. Baba yake mdogo alikuwa akitumia warfarini, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, akavuja damu tumboni, akafariki. Mume wangu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, na aliyoyaona hayajamtoka. Juu ya hayo, mwenzake kazini kamwambia dawa hizi zilianza kama sumu ya panya.

Sasa siku mbili tatu kila wiki anairuka dawa. Anasema anaipumzisha damu. Siku anazomeza, anameza wakati wa kulala, na maji matupu, kwa sababu usiku hapendi kula. Goti likimuuma anameza diklofenaki. Asubuhi anakunywa kikombe cha kitunguu saumu na tangawizi, eti hiyo ndiyo dawa isiyo na madhara. Presha yake nayo hupanda, na dawa ya presha huikumbuka siku akipenda. Akipiga mswaki ufizi unatoka damu, na kila akiiona kwenye sinki ananiita nije nitazame. "Unaona?"

Anataka miezi sita ikitimia aache kabisa, ahamie aspirini ndogo ya kila siku. Ananiambia, "Skani ya juzi imeonyesha mapafu ni safi. Bonge limeshayeyuka, namezea nini?" Sina jibu la kumpa.

Na mimi nikwambie ukweli, naogopa pande zote mbili. Nimeficha visu vyenye makali, nimemnunulia mashine ya kunyolea ndevu, na usiku nakaa macho nikisikiliza anavyopumua. Ipi hasa ni hatari kubwa zaidi, dawa au kuiacha? Na mtu mzima asiyetaka kuambiwa, anaambiwaje?

Mama wa Watatu

*

Dada yangu Mama wa Watatu,

Nianze kwa kumtetea shemeji, kwa sababu naona nyumba nzima imeshamhukumu. Mtu aliyemuuguza baba yake mdogo akivuja damu hana haja ya kuambiwa kwamba dawa hizi hazina shida. Zina shida. Dawa inayoizuia damu isigande mahali pabaya ndiyo hiyo hiyo inayoichelewesha kuganda pale ambapo ingetakiwa kuganda. Madhara yake na faida yake ni kazi moja, na hakuna mtengenezaji aliyefanikiwa kuzitenganisha kabisa. Kwa hiyo hofu yake ina msingi. Tatizo ni njia aliyoichagua kuituliza, maana hiyo inamletea hatari za pande zote mbili kwa pamoja.

Tuangalie hizo siku anazoruka. Rivaroksabani haikai mwilini muda mrefu. Kwa watu wengi nusu yake huwa imeshaondoka kati ya saa 5 na saa 13 baada ya kumezwa, ndiyo maana humezwa kila siku bila kukosa. Akimeza Jumapili usiku, akairuka Jumatatu, akameza tena Jumanne usiku, ni saa 48 zimepita, na karibu nusu yake ya pili ameishi bila kinga ya maana. Damu haina uchovu wa kupumzishwa. Inaachwa tu huru kuganda, kisha siku ya pili inazuiwa tena, na siku anazomeza uwezekano wa kuvuja uko pale pale. Mtu aliyeamua kuacha dawa baada ya kushauriana na daktari anajua yuko upande gani. Shemeji hayuko upande wowote.

Halafu hilo la kumeza na maji matupu. Wengi hawaambiwi, au wanaambiwa siku ambayo vichwa vimejaa mengine. Vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 15 na 20 vinatakiwa kumezwa pamoja na chakula. Cha miligramu 20 kikimezwa tumbo likiwa tupu, mwili hupokea takriban theluthi mbili tu ya dawa iliyomo. Kwa hiyo hata zile siku anazojihesabia kwamba amemeza, amemeza pungufu. Kama usiku hapendi kula, ahamishie dozi kwenye mlo wowote mkubwa ambao haukosi, na abaki na saa hiyo hiyo kila siku. Namna ya kuhama kutoka usiku kwenda mchana amuulize mfamasia wake, asije akajikuta amemeza mbili karibu karibu. Na siku akisahau kwa bahati mbaya, ameze mara akikumbuka siku ile ile. Kesho yake asimeze mbili kufidia.

Sasa diklofenaki. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na ukali huu mfikishie. Shemeji anaihofia rivaroksabani, halafu anajiongezea mwenyewe dawa inayoweza kumvujisha damu tumboni hata kama angekuwa hamezi kitu kingine. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na wenzao huchubua ukuta wa tumbo na kuzidhoofisha chembe zile ndogo za damu zinazoziba jeraha la kwanza kwanza. Wachunguzi walipofuatilia wagonjwa waliotibiwa damu iliyoganda, waliona kwamba katika siku walizotumia dawa za kundi hili, uvujaji mkubwa ulikuwa zaidi ya mara mbili. Kama anaogopa kufa kifo cha baba yake mdogo, cha kwanza kukitoa kwenye kabati ni hicho kidonge cha goti. Atumie parasetamoli kwa kipimo cha kawaida, aende kwa mtu wa viungo afundishwe mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kama ni lazima apake dawa ya maumivu badala ya kuimeza, aulize kwanza, kwa kuwa ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu.

Kitunguu saumu na tangawizi vikiwa kwenye chakula sina neno navyo. Vikigeuzwa dozi ya makusudi ya kila asubuhi vinaweza kuongeza uvujaji, na hakuna ushahidi kwamba vinazuia bonge lisirudi. Aache.

Presha ndiyo ninayoiogopa kuliko ufizi. Uvujaji mbaya kupita wote kwa watumiaji wa dawa hizi ni ule wa ndani ya kichwa, na presha isiyodhibitiwa ni mchochezi wake mkuu. Hapo tuna jambo ambalo liko mikononi mwake kabisa. Kila siku anayoikumbuka dawa ya presha anaifanya rivaroksabani kuwa dawa salama zaidi. Ufizi nao mara nyingi huvuja kwa sababu una uvimbe na utando wa uchafu, dawa inaongeza tu damu inayoonekana. Amuone daktari wa meno, amtajie dawa anayotumia, abadilishe mswaki achukue laini. Asiiache dawa eti kwa sababu anakwenda kung'olewa jino. Mara nyingi jino hung'olewa bila kuiacha, au kwa kuchelewesha dozi moja tu, na hilo hupangwa na waganga wenyewe.

Tuje kwenye swali alilokushinda nalo, kwamba bonge limeshayeyuka, anamezea nini. Ni swali zuri. Dawa aliyopewa haikuliyeyusha hilo bonge. Rivaroksabani huizuia protini moja katika mlolongo wa protini zinazogandisha damu, ile wanayoihesabu namba kumi, na kwa kuizuia hiyo bonge halipati nyongeza wala jipya halijengeki kwa urahisi. Waliolimega na kulimaliza lile la zamani ni mwili wake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. (Dawa za kuyeyusha bonge moja kwa moja zipo, hutolewa hospitalini kwa wagonjwa mahututi, na uvujaji wake ni wa kiwango kingine kabisa.) Kwa hiyo skani kuwa safi ni habari njema kuhusu lililopita. Kuhusu lijalo haisemi kitu, kwa sababu kile kilichoigandisha damu yake mara ya kwanza hakijulikani, na kisichojulikana hatuwezi kudai kimeondoka.

Hapo ndipo mume wako anapotofautiana na mtu aliyepata bonge baada ya upasuaji mkubwa. Huyo sababu yake ilikuja ikaondoka. Akimeza dawa miezi mitatu akaacha, katika watu 100 kama yeye ni kama mmoja tu atakayerudiwa ndani ya mwaka. Kwa wale ambao bonge lilikuja bila sababu inayoonekana, wakiacha dawa, kati ya 100 takriban 10 hurudiwa mwaka wa kwanza, 25 hufikia ndani ya miaka mitano, na 36 ndani ya miaka kumi. Ukiwatazama wanaume peke yao, hiyo ya miaka kumi hupanda hadi 41 hivi. Na aliyeanza na bonge la mapafuni, akirudiwa, huelekea kurudiwa mapafuni tena kuliko mguuni.

Upande wa pili wa mizani uko hivi. Katika watu 100 wanaoendelea na dawa za kundi la rivaroksabani, mmoja hivi kwa mwaka hupata uvujaji mkubwa, maana yake wa kulazwa, kuongezewa damu, au wa mahali pa hatari kama kichwani. Kwa warfarini wanakaribia wawili. Ukiishia hapo utasema kumi dhidi ya mmoja, mjadala umekwisha. Lakini hesabu haijakamilika. Katika wanaorudiwa na bonge baada ya kuacha, kama 4 kati ya 100 hufariki kwa hilo. Katika wanaopata uvujaji mkubwa, karibu mmoja kati ya 10 hufariki. Tukio la kuvuja ni adimu zaidi ila likitokea ni baya zaidi. Ukiviweka vyote pamoja, kwa mwanamume wa miaka 51 mwenye figo nzuri, ambaye hajawahi kuvuja damu, mizani bado inalalia upande wa kuendelea. Inalalia, haijaanguka. Ndiyo sababu daktari wenu hakusema "ataendelea", alisema "tutakaa tuamue". Mimi nilipenda hilo neno lake.

Na mizani hiyo haikai mahali pamoja. Hatari ya kuvuja hupanda mtu akipita miaka 65, figo zikidhoofika, akiwa na upungufu wa damu, akiwa ameshawahi kuvuja, au akichanganya na aspirini. Hatari ya bonge kurudi huwa kubwa zaidi karibu na siku aliyoacha dawa, kisha hupungua kasi miaka inavyokwenda. Kwa hiyo shemeji asidhani anatia saini ya maisha. Anaamua la mwaka huu, kisha kila mwaka anapimwa figo, ini na wingi wa damu, presha inatazamwa, na swali linaulizwa upya.

Miezi ile ya kwanza, kwa upande mwingine, haikuwa na mjadala, na ni vizuri ajue alichookolewa nacho. Mwaka 1960, huko Bristol, Uingereza, madaktari Barritt na Jordan walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 35 wenye bonge la mapafuni. Kundi moja lilipewa dawa za kuzuia damu kuganda, jingine halikupewa. Kati ya 19 ambao hawakupewa, 5 waliuawa na bonge, na wengine 5 walirudiwa wakanusurika. Kati ya 16 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeuawa na bonge. Jaribio lilikuwa dogo mno kwa vipimo vya leo, lakini tangu hapo ni vigumu kumnyima mgonjwa wa namna hiyo dawa na kuiita haki.

Sumu ya panya? Mwenzake hajadanganya, amechanganya tu. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyovunda. Karl Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitambua kilichomo, na kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ya kuulia panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo mwaka 1955 alitibiwa nayo. Tofauti ya sumu na dawa hapo ni kipimo, na ndiyo sababu wanaotumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ambacho kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Rivaroksabani haina undugu na hadithi hiyo. Ni dawa nyingine, inafanya kazi kwa njia nyingine.

Kuhusu baba yake mdogo, poleni sana. Siwezi kujua kilichompata, ila warfarini ni dawa inayosukumwa na mambo mengi. Antibiotiki kadhaa, metronidazoli kwa mfano, huipandisha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Vitamini K ya kwenye mboga za majani ikibadilika ghafla, nayo inabadilika. Mtu anaweza kutoka kwenye kipimo salama akaingia hatarini ndani ya wiki moja bila kuhisi chochote. Rivaroksabani ina maingiliano machache zaidi, haihitaji INR, na haijali mboga. Bado kuna wagonjwa ambao warfarini ndiyo inayowafaa, kama wenye vali za moyo za chuma, kwa hiyo msiitupie mawe mkikutana nayo kwa mtu mwingine. Wala rivaroksabani si ya kila mtu: mjamzito haipewi, na warfarini pia inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mama huyo hutibiwa kwa sindano za heparini. Kwenu hilo halihusu, nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine.

Aspirini ndogo anayoitaka ina sifa ya kuonekana dawa ya upole. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 3,300 walioshamaliza miezi 6 hadi 12 ya matibabu kama yake. Wengine waliendelea na rivaroksabani ya miligramu 20, wengine wakapunguziwa hadi 10, wengine wakapewa aspirini, kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Waliotumia aspirini walirudiwa na bonge asilimia 4.4. Wa miligramu 20 walikuwa asilimia 1.5, wa miligramu 10 asilimia 1.2. Na uvujaji mkubwa? Aspirini asilimia 0.3, miligramu 10 asilimia 0.4, miligramu 20 asilimia 0.5. Soma tena namba hizo ukiwa naye. Aspirini ilimwacha mtu na mabonge karibu mara tatu au zaidi, bila kumpunguzia uvujaji kwa kiasi cha kujivunia.

Humo humo mna jambo ambalo naona halijawafikia: baada ya miezi sita ya mwanzo, dozi inaweza kupunguzwa kuwa miligramu 10 kwa siku kwa wagonjwa wengi. Hicho kidogo kinaweza kumezwa bila chakula, kwa hiyo hata ule mgogoro wa mlo wa usiku unaisha. Waliohitaji dozi kamili bila shaka hawakuwa katika utafiti ule, na daktari ndiye atakayesema kama shemeji ni mmoja wao. Lakini mwulizeni. Mtu anayedhani mbele yake kuna milango miwili tu, dozi kubwa milele au kuacha leo, anaweza kutulia akijua upo wa tatu.

Visu virudishe mahali pake, dada. Akijikata, abonyeze jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kuchungulia chungulia. Damu itachelewa kidogo, itasimama. Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali ni kingine: choo cheusi kinachong'aa kama lami au chenye damu, matapishi ya rangi ya kahawa, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma, kichwa kumuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kulegea, maneno kumpotea. Na akianguka akagonga kichwa kwa nguvu, nendeni hata kama anacheka na kusema yuko sawa, maana damu ya kichwani wakati mwingine hujikusanya polepole. Hiyo ni orodha ya kuvuja. Ya bonge unaijua: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia. Hayo mkiyaona hamsubiri asubuhi, awe anameza au ameacha. Aweke pia karatasi kwenye pochi yenye jina la dawa na dozi, ili akifikishwa mahali hajitambui wajue wanashughulika na nini, na kila anayetaka kumdunga sindano ya msuli aambiwe kabla.

Namna ya kumwambia. Maneno ya kumtisha kama "utatuacha yatima" sidhani yatamsogeza, na ukiendelea kumkesha na kumhesabia vidonge atakuona askari. Mimi ningemuuliza swali moja, kwa utulivu, mkiwa wawili: katika kufa kwa bonge na kufa kwa kuvuja, kipi kinakutisha zaidi? Jibu lake nadhani unalijua, na halina kosa. Wapo wagonjwa wanaojua namba zote na bado wanachagua kuacha kwa sababu wameona walichokiona, na daktari mzuri huheshimu hilo, akawapangia kinga ya muda wakati wa upasuaji, mguu ukifungwa plasta au wakilazwa. Ila achague akiwa amesikia yote, akiwa ameshaondoa diklofenaki na ameshaishika presha yake, kwa maana hofu anayoipima sasa ni hofu ya dawa iliyochanganywa vibaya. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Akikasirika kwamba umeniandikia, mwambie mimi ndiye shemeji yake mpya, hasira aniletee mimi.

Nendeni kliniki pamoja, na msingoje miezi sita itimie. Kuna neno moja ambalo lazima litoke kinywani mwake mwenyewe mbele ya daktari: kwamba amekuwa akiruka siku, na kwamba alikuwa akimeza bila chakula. Ataona aibu, na wengi hulificha. Lakini fikiria bonge likirudi kesho, daktari anaamini mgonjwa wake anameza kila siku. Atahitimisha kwamba rivaroksabani imemshinda. Atamhamishia kwenye sindano za heparini au warfarini, ataanza kutafuta saratani na magonjwa ya damu ya kurithi, na shemeji ataishia kwenye dawa ile ile iliyomtisha maisha yake yote, kwa sababu ya kosa ambalo si la dawa. Hadi siku ya kliniki, dozi ni ile ile ya miligramu 20, kila siku, pamoja na chakula.